Maswali na majibu: nimfa za kufunga kwa mkono

Yaya yangu yuko Grenoble, Ufaransa, anavua samaki waitwao trauti. Ameniomba nimfungie nimfa za Machi, vile vidudu bandia vya kuvulia, na ndoano pamoja na etau ndogo (jiliwa ya kubania ndoano) amenitumia. Uzi wa fundi cherehani utafaa? (Kijana wa Nguba)

Weka uzi pembeni, mdogo wangu. Nimfa halisi ni mdudu mchanga anayekaa majini kabla ya kuota mabawa, na trauti hula zaidi chini ya maji kuliko juu. Kwa hiyo kitu chako lazima kizame. Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon kule Uingereza, aliacha uzi kabisa akafungia waya mwekundu wa shaba: ndio uzi, ndio uzito, ndio rangi. Nenda kwa mafundi wa redio pale Kadutu, uombe koili iliyokufa. Chagua waya mwembamba kama unywele. Ulio mnene utakupa mdudu mwenye kitambi.

Bana ndoano namba 16. Zungushia waya kuanzia nyuma ya tundu la ndoano hadi pinda linapoanzia, kisha rudia mizunguko kadhaa kwenye kifua ili kipate nundu. Chukua nyuzi nne za unyoya wa mkia, uzifunge nyuma, ncha zitokeze milimita chache: huo ndio mkia. Sasa zisokote nyuzi hizo pamoja na waya, uzungushe kwenda mbele hadi kifuani. Hapo zitenganishe. Nyuzi zikunje juu ya nundu, mbele na nyuma mara mbili au tatu, kila kunja ulibane kwa waya. Malizia nyuma ya tundu, kata. Gundi haihitajiki.

Sawyer alitumia mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku. Kwetu hapa mkia wa jogoo wa kahawia unatosha. Trauti haulizi ndege alitoka wapi.

Nimfa yangu haina miguu. Niongeze manyoya ya kanga? (Huyohuyo, siku mbili baadaye)

Usiongeze. Nimfa wa aina hii akiogelea hubana miguu yake mwilini, na Sawyer aliliona hilo, ndiyo sababu hakuiweka. Wengi huharibu kazi hapa: wanapamba hadi kadudu kanakuwa kofia ya harusi, halafu kanakataa kuzama.

Machi au Mei, kuna tofauti gani? Si mto ni uleule? (Papa wa Bagira)

Mto ni uleule, Papa, maji siyo. Ufaransa msimu wa trauti kwenye mito yake hufunguliwa Jumamosi ya pili ya Machi. Maji bado ni baridi, samaki amelala chini, hana haraka ya kukimbiza kitu. Funga chache zenye shanga ya tangisteni, metali nzito, kichwani, namba 14, zifike chini upesi. Kumbuka namba ikipanda ndoano inapungua. Kufikia Mei wadudu wanapanda juu kugeuka, hapo namba 16 isiyo na shanga inatosha.

Na hapa ziwani Kivu, nitapata trauti? (Msomaji wa Muhumba)

Hapana. Trauti anataka maji baridi yenye hewa nyingi, na Kivu juu ni vuguvugu, nyuzi joto 23 au zaidi, huku chini kabisa hakuna oksijeni. Kenya wanao, waliletwa 1905, lakini wako kwenye mito ya milimani. Sambaza, samaki wetu mdogo, pia ni mgeni, alitolewa Tanganyika mwaka 1959, ila yeye alikuta maji anayoyapenda. Sambaza huvuliwa usiku kwa taa na wavu. Ukitaka tilapia kwa ndoano, chimba nyungunyungu, ni bure.

Mtoto wangu anafungia ndoano hizi mezani, na nina mdogo anayetambaa. Nifanye nini? (Mama wa Panzi)

Mama, mwambie aminye jino la kila ndoano, kale kamwiba karibu na ncha, kwa koleo kabla hajaifunga. Ikimchoma mtu inatoka bila kupasua, na kuna mito ya Ulaya inayodai hivyo hivyo kwa ajili ya samaki. Atandike kitambaa cheupe chini ya etau, ahesabu ndoano akianza na akimaliza. Ikikosekana moja, sumaku ya spika ya zamani itaipata.