Mwanangu, hiyo barua ya bosi usiinunue

Mama,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana usiku Karatu, kwenye vyumba vya madereva, wageni wameshalala. Unauliza kama unaweza kupata ukaazi wa kudumu hapo Kanada bila kudhaminiwa na mwajiri, maana bosi wako anataka dola elfu kumi ndipo akuandikie barua ya kazi.

Usimpe hata senti. Sheria ya huko inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwombea kibali. Ada ya dola 1,000 ya kuomba kibali hicho ni mzigo wake. Halafu anakuuzia kitu kilichochacha. Tangu tarehe 25 Machi 2025, barua ya kazi haiongezi alama hata moja kwenye Express Entry, ule mfumo wa Kanada wa kuwapanga waombaji kwa alama na kuwaita wa juu waombe ukaazi. Zamani ilileta 50, na kwa vyeo vya juu 200, ndiyo maana watu waliinunua. Uchungu wa kutapeliwa naujua: tulipokuwa tunakutafutia chuo, wakala mmoja alikula hela ya ng'ombe wawili, simu akazima.

Wewe pitia mlango wa waliokwisha kufanya kazi hukohuko. Wanataka mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi, saa 1,560, ndani ya miaka mitatu iliyopita. Akiba ya benki hawakudai. Ila saa ulizofanya ukiwa bado mwanafunzi wa muda wote hazimo, wala zile za kaunta ya duka wikiendi, kwa sababu kazi lazima iwe daraja la 0 hadi la 3 kwenye orodha ya kazi ya Kanada. Kazi yako ya kutunza hesabu ni daraja la 2, basi hapo uko salama. Kwa bosi unahitaji tu barua ya kuthibitisha kazi uliyofanya, saa na mshahara. Kwa hiyo usigombane naye bado, na hati za mshahara zitunze zote.

Sasa Kifaransa. Unakumbuka likizo zile, umekaa kiti cha mbele, mimi nasema "le girafe", wewe unanisahihisha "la girafe, baba" mbele ya wageni? Basi Kanada huwa inawaita wenye Kifaransa kwa mkupuo wao. Tarehe 21 Machi 2025 iliwaita 7,500, na aliyeshika mkia alikuwa na alama 379. Kundi lako la uzoefu wa kazi, mwaka huohuo, lilihitaji zaidi ya 500. Unatakiwa ufike ngazi ya 7 ya kipimo chao cha Kifaransa kwenye kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kwa mtihani wa TEF Canada au TCF Canada. Kuandika ndiko kutakutoa jasho; vile vialama juu ya herufi hujawahi kuvipenda.

Na usikae sana. Januari unatimiza 30, na alama za umri zinaanza kupungua hapo.

Daftari lako la vitenzi bado liko kwenye dashibodi, limejaa vumbi la Ndutu. Kesho nikifika Arusha nakupigia picha kurasa zote. Jumapili ukipiga simu, tunaongea Kifaransa kitupu. Mama yako atatucheka, mwache acheke.

Baba yako