Kwa mnaoanza GTK: thredi ya pembeni haigusi wijeti

Nimepitia kodi ya vijana wetu wapya wanaotumia GTK, maktaba ya kutengeneza madirisha ya programu, na nimekuta tena gtk_label_set_text, ile ya kubadilisha maandishi ya lebo, inaitwa kutoka ndani ya thredi ya pembeni, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na ule mkuu. Lebo ni wijeti, kama vitufe na vitu vingine vya kwenye dirisha, na haiguswi kutoka huko. Kila kundi linaloingia linatumbukia shimo lilelile, ukiuliza unajibiwa "mbona kwangu inafanya kazi kaka". Wadogo zangu nawapenda ila kwa hili mnanichosha, kwa hiyo naandika mara moja na mtasoma wote.

1. Kabla hujakopi mfano, angalia ni wa enzi gani. Spencer Kimball na Peter Mattis pale Berkeley waliianzisha GTK kwa sababu GIMP, programu yao ya kuhariri picha, ilikuwa imeegemea Motif, maktaba nyingine ya madirisha, na wakataka kitu chao wenyewe, toleo la 1.0 likatoka 1998, la 2 likaja 2002, la 3 2011, la 4 mwishoni mwa 2020, na mifano ya zama zote hizo bado imejaa mtandaoni imechanganyika. Ukiona imeandikwa GTK+ na ile alama ya kujumlisha, jua ni ya zamani, alama iliondolewa 2019. Ukiona gtk_container_add au gtk_widget_show_all, kwenye GTK 4 havipo, usihangaike na kompaila bure. Na ukiona gdk_threads_enter, ile kufuli ya zamani ya kuruhusu thredi nyingine iguse GTK, kimbia kabisa, hiyo walishaanza kuwakataza watu tangu 3.6.

2. Thredi. Hapa nikae kidogo maana hili limeniuma.

Tulikuwa na programu ya stoo kwenye duka moja, GTK 3, lugha C. Kusoma orodha ya bidhaa kulikuwa kunachukua muda na dirisha linaganda, nikaona nianzishe thredi isome data, na ikimaliza kila kundi iandike yenyewe kwenye lebo "zimesomwa kadhaa". Kwenye laptop yangu ikaenda safi, nikaipeleka. Baada ya hapo simu zikaanza, mara imejifunga, mara maandishi yamekatika nusu, mara siku nzima haina tatizo, halafu jioni watu wamejaa kaunta inakufa. Mimi nikamwambia dada wa kaunta ni mashine yake. Tukabadilisha RAM, tukapiga Ubuntu upya, na nilipokosa la kufanya nikapachika usleep kwenye thredi, yaani isubiri kidogo, ikapunguza kukrashi nikajiona nimetibu, kumbe nimeuficha ugonjwa. Yule dada muda wote huo anaandika mauzo kwenye daftari pembeni kwa sababu hamwamini tena mtu wa kompyuta, na alikuwa na haki. Nilipokuja kuifungua kwa gdb, programu ya kusaka makosa, kila ikifa inafia ndani ya Pango, yaani kwenye kupanga herufi, sehemu ambayo sikuwahi kuigusa kwa mkono wangu. Ndio maana tulikuwa tunatafuta mchawi. Thredi kuu iko katikati ya kuchora lebo, thredi yangu inabadilisha maandishi ya lebo hiyohiyo, nani atatoka salama hapo. Nilirudi dukani nikamwomba msamaha, na pesa ya RAM nikailipa mimi.

Kwa hiyo sikilizeni. GTK yote inaishi kwenye thredi moja, ile yenye lupu kuu, mzunguko unaopokea mibofyo na kuchora dirisha. Thredi yako ifanye kazi nzito, ikishapata jibu iite g_idle_add, na ile fanksheni utakayoipa ndiyo iguse lebo, kwa sababu hiyo inaendeshwa na lupu kuu yenyewe. Irudishe G_SOURCE_REMOVE, ukirudisha TRUE itaitwa tena na tena na feni ya laptop itakuambia. Maandishi unayoyatuma yakopi kwa g_strdup, ukishayaweka kwenye lebo uyaachie kwa g_free, usitume anwani ya kitu kilichopo ndani ya fanksheni inayokaribia kuisha. Ukizoea hamia kwenye GTask, njia iliyoandaliwa kwa kazi za namna hii, g_task_run_in_thread inapeleka kazi pembeni na jibu linarudi kulekule ulikoanzia. Ongeza GCancellable pia, ya kughairi kazi, maana mteja atafunga dirisha kazi ikiwa bado inaendelea, halafu jibu lako linakuja linatafuta lebo ambayo imeshakufa.

3. Gtk-CRITICAL, onyo la kosa zito, kwenye terminali sio kelele. Endesha na G_DEBUG=fatal-criticals ndani ya gdb, itasimama palepale penye kosa.

4. G_CALLBACK, ile unayoifunikia fanksheni yako unapoiunganisha na tukio kama kubofya kitufe, inamfumba macho kompaila, ukikosea idadi au mpangilio wa vigezo hatakuambia chochote. Juzi kijana mmoja alikuwa anapokea namba za ajabu kwenye "clicked", kumbe ametumia g_signal_connect_swapped bila kujua kwamba pale data yako ndiyo inatangulia na kitufe kinafuata nyuma. Alikaa na hiyo tangu asubuhi bila kuuliza. Jamani ulizeni, sing'ati mtu.

5. Kitu kimekaa vibaya kwenye dirisha na hujui nafasi inatoka wapi, bonyeza Ctrl+Shift+D ufungue Inspekta, chombo cha GTK cha kuchunguza dirisha, ikigoma anzisha programu na GTK_DEBUG=interactive, halafu kamata wijeti yenyewe usome hexpand (kutanuka kwa upana) na margin (nafasi ya kuzunguka) zake. Mara nyingi utakuta ni sanduku la juu yake ndilo linalovuta, na wewe umeshinda unahangaika na CSS ya kitufe.