Ukitaka mzee akusimulie jazi, weka muziki kwanza

Mara ya kwanza nilipomwomba mjomba anisimulie wanamuziki wa jazi aliowapenda tangu ujana, nilikwenda kwake na daftari lenye maswali kumi na sita. Duke Ellington alikuwa mtu wa namna gani? Louis Armstrong ulimpendea nini? Mjomba, mwalimu mstaafu aliyezoea kuuliza kuliko kuulizwa, alinijibu kwa upole: "Alikuwa fundi sana, mwanangu." Na Armstrong? "Huyo naye fundi." Haikupita robo saa, maswali yakawa yamekwisha na chai bado ya moto.

Nilikuwa nimempa mtihani mtu niliyemtaka kumbukumbu.

Wiki iliyofuata daftari nililiacha nyumbani. Nilibeba spika ndogo, nikaiweka barazani kwake pale Tanga, nikapiga "Take the 'A' Train" ya bendi ya Ellington. Piano haijamaliza hata utangulizi, mjomba akapiga paja: "Sauti ya Amerika hiyo!" Kweli, ndio wimbo uliofungua kipindi cha jazi cha Willis Conover, mtangazaji wa redio hiyo ya Marekani, kilichoanza mwaka 1955 na kusikika duniani kwa masafa mafupi. Mjomba alikisikiliza usiku kwenye redio ya jirani, sauti ikija na kupotea. Akanieleza namna Conover alivyokuwa akitamka polepole, neno moja moja, hata kijana aliyekuwa bado anajifunza Kiingereza asiachwe nyuma. Yote hayo sikuwa nimeyauliza.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza aanzeje mazungumzo ya namna hii, namwambia aanze na wimbo, halafu anyamaze. Ukiisha, usirukie swali. Mzee akikaa kimya dakika nzima, mwache, yuko njiani kuelekea mahali.

Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo na masimulizi ya Wamarekani, alilijua hili. Mwezi Mei 1938, alipomhoji mpiga piano wa jazi Jelly Roll Morton katika Maktaba ya Bunge la Marekani mjini Washington, alimkalisha kwenye piano. Morton, mtoto wa New Orleans ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kusahaulika na wengi, akawa anasimulia huku vidole vikitembea, anasimama kwenye hadithi ili aonyeshe wimbo fulani ulivyopigwa zamani, kisha anarudi kwenye hadithi. Yalirekodiwa mazungumzo ya zaidi ya saa nane. Miaka mitatu baadaye alifariki. Naamini pasipo ile piano nusu ya maneno yale yangezikwa naye.

Morton huyohuyo alidai kuwa yeye ndiye aliyeibuni jazi, mwaka 1902. Usimkatize mtu anaposema hivyo, wala anapokosea tarehe. Armstrong alisema maisha yake yote kwamba alizaliwa tarehe 4 Julai 1900, na baada ya kifo chake kumbukumbu za ubatizo zikaonyesha 4 Agosti 1901. Tarehe utaihakiki nyumbani kwako, kwa nafasi. Ukimsahihisha mzee katikati ya sentensi, ataanza kukupa yale tu anayoona ni salama.

Kingine nilichojifunza ni kuuliza habari za yule aliyekaa pembeni ya mkubwa. Mjomba aliamini miaka yote kwamba ule wimbo wa Conover aliutunga Ellington. Nilipomwambia mtunzi ni Billy Strayhorn, aliyefanya kazi na Ellington tangu 1939 mpaka alipofariki 1967, alitaka tuusikilize upya kana kwamba ni mgeni.

Lakini jioni ambayo sitaisahau ni ile niliyompelekea "Uhuru Afrika" ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960. Mjomba hakuwahi kuisikia. Nilimweleza kwanza habari za Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni aliyeupangilia muziki ule kwa ajili ya bendi kubwa, na yeye akashangaa kwa nini jina lake hatukuwahi kulisikia. Kisha ikaingia sauti ya mwanamume anayesoma shairi la uhuru kwa Kiswahili. Msomaji ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, na maneno aliyokuwa ameyatafsiri ni ya mshairi wa Marekani Langston Hughes. Kiswahili chetu, katikati ya ngoma na matarumbeta ya New York, mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kupata uhuru wake!

"Rudisha hapo," mjomba akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena."

Mara ya tatu alianza kusimulia mwaka ule wa 1960, alipokuwa na miaka kumi na sita. Baba yake alikuwa karani wa serikali, na makarani walikuwa wamekatazwa siasa, kwa hiyo kadi ya TANU nyumbani ilikuwa ya bibi yangu, akiificha ndani ya kopo la unga. Mama yangu hakuwahi kunisimulia hilo. Tulikaa mpaka adhana ya isha, tukizungumza habari za Weston, na za bibi, na tena za Weston.

Rekodi mazungumzo yako, na siku hiyohiyo weka nakala mahali pengine: kompyuta, simu ya ndugu, popote. Ya jioni ile yalikuwa kwenye simu moja tu, nayo iliibwa ndani ya basi kabla ya mwezi kwisha. Mjomba alifariki mwaka uliofuata. Haya niliyoandika nimeyatoa kichwani, na katika karatasi mbili nilizoandika usiku ule kabla ya kulala. Sauti yake akisema "rudisha hapo" sina.