Marufuku ya jukwaani na sheria ya kabatini

Niliandika kwamba katazo la kupeleka mazao nje lisikae mdomoni mwa kiongozi, likae kwenye sheria ya kudumu. Meseji zimekuja nyingi, kali zaidi zikitoka Himo.

Kwa hiyo unataka tufungiwe milele? (Mfanyabiashara wa mahindi, Himo)

Hapana, mwenzangu. Nataka ujue leo utakachokikuta Holili, mpakani na Kenya, mwezi ujao. Kumbuka Juni 2017, sikukuu ya Idi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipotangaza papa hapa Moshi kwamba mahindi hayatoki tena nje ya nchi. Aliyepakia Fuso asubuhi akiwa mfanyabiashara, jioni alikuwa mtu wa magendo, kwa mahindi yaleyale na barabara ileile. Bei shambani ikaporomoka. Njia za panya za Rombo, kama kawaida yake, hazikufunga. Sheria ingesema kibali kinatolewa na nani, ndani ya siku ngapi, na akiba ya taifa ikishuka mpaka wapi ndipo kinasimamishwa, mkulima angepanga mambo yake. Hilo ndilo nataka lidumu, si kufuli.

Kwani hatuna sheria ya kudumu ya forodha? (Msomaji, Arusha)

Tunayo, tena ni ya Jumuiya yenye makao yake hapo mjini kwako. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitungwa 2004 na inatumika tangu Januari 2005. Kwa magendo ni jela isiyozidi miaka 5, au faini ya nusu ya thamani ya mzigo, au vyote viwili. Kinachokuja na kuondoka ni makatazo ambayo kila nchi inayabandika juu yake.

Mwalimu alisema Uingereza ilikuwa na sheria ya dharura iliyosahaulika. Ni kweli? (Mwanafunzi, Moshi)

Ni kweli, ingawa mimi nisingesema ilisahaulika. Tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland, Bunge la London liliipa serikali mamlaka ya kuzuia bidhaa zisiingie wala zisitoke. Iliandikwa kwamba yatakoma dharura ikitangazwa kuisha. Vita viliisha 1945, tangazo halikutolewa. Mawaziri wa vyama vyote waliona raha kuwa na rungu ambalo Bunge halilikagui. Mwaka 1990 wakaamua kulihalalisha: kifungu cha ukomo kikafutwa, ya muda ikawa ya kudumu. Halafu ikaja kesi ya Matrix Churchill, kampuni ambayo wakuu wake walishtakiwa kwa kuuza mashine Iraq huku serikali yenyewe ikijua. Kesi ilivunjika 1992, jaji Scott akachunguza, na ripoti yake ya 1996 haikuwaacha salama. Sheria mpya ikapatikana 2002. Wa Himo, hapo ndipo hofu yako ina haki: kudumu bila kukaguliwa ni ugonjwa mwingine.

Na wale twiga wa KIA? (Usa River)

Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwemo, walipakiwa ndege pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwenda Qatar. Mwaka 2016 likaja katazo la miaka 3 kwa wanyama hai. Juni 2022 wafanyabiashara wakaambiwa wana miezi 6 kumalizia waliobaki mazizini, na kabla hawajajipanga ruhusa ikasitishwa. Mimi sipendi biashara hiyo hata kidogo, lakini hata nisiyempenda anastahili kujua mlango uko wazi au umefungwa.

Naendesha gari la tajiri. Nikikamatwa na mzigo wa magendo, na gari linakwenda? (Dereva, Tarakea)

Linakwenda. Kifungu cha 211 cha ile sheria ya forodha ya Jumuiya kinaliweka gari lililobeba mzigo huo kwenye hatari ya kutaifishwa pamoja nao. Tajiri ana mwezi 1 wa kulidai, na adai kwa maandishi. Kupiga simu kwa mtu anayemfahamu forodhani hakuhesabiki. Nawe, kabla ya kufunga turubai, omba karatasi za mzigo uzisome mwenyewe.