Gari Linaendelea Kushuka Bei: Nilibadilishe au Nibaki Nalo?

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mwalimu, ninaishi Barani hapa Malindi na ninafundisha upande wa Mambrui. Mwaka 2017 nilinunua Toyota Fielder iliyotengenezwa 2010 kwa shilingi 1,050,000. Siku za shule huvuka daraja la Sabaki asubuhi na jioni, na mara mbili kwa mwezi huenda Mombasa kumtazama mama yangu. Sasa yadi moja ya kuuza magari Mombasa imekubali kulichukua gari hili kwa shilingi 580,000 na kunipa jingine la aina hiyo hiyo, la mwaka 2018, ambalo bei yake ni 1,680,000, nami niongeze 1,100,000. Akiba yangu ni 300,000, na chama chetu cha ushirika kiko tayari kunikopesha 800,000 kwa miaka 3, kwa riba ya asilimia 1 kila mwezi juu ya deni linalobaki. Fundi wangu anasema gari nililonalo linataka shoki, bushi na breki za nyuma, jumla shilingi 85,000, ila injini na gia boksi ni nzima. Mume wangu ananihimiza nibadilishe, kwa kuwa gari limekwisha kupoteza shilingi 470,000 na kila mwaka ninaokawia linazidi kupoteza. Nifanye nini?
Mwalimu wa Barani, Malindi

JIBU: Mwalimu, ushauri wangu ni kwamba ulitengeneze gari lako na ubaki nalo. Nitakuonyesha nilivyofikia hapo ili wewe na mumeo mpate kuipima hesabu wenyewe, maana mumeo ana hoja ya kweli ndani ya maneno yake, ingawa ameielekeza pasipo pake.

Tuanze na hizo shilingi 470,000. Fedha hizo zimekwenda, na hazitarudi ukibaki na gari wala ukilitoa; kwa hiyo haziwezi kukusaidia kuamua lolote. Isitoshe, ukizigawanya kwa miaka yote uliyolitumia gari hilo, utaona kwamba hukuibiwa bali ulilipia usafiri wako, na kwa bei nafuu. Linalofaa kuulizwa ni hili: kuanzia leo hadi miaka 3 ijayo, gari hili litanigharimu kiasi gani, na lile jingine litanigharimu kiasi gani?

Hapo ndipo tabia ya kushuka kwa bei inapokuwa na maana. Gari halipungui thamani kwa kiasi kilekile kila mwaka. Hupungua kwa kasi likiwa changa, kisha kasi hiyo hulegea kadiri linavyozeeka, kwa sababu fungu linalopotea kila mwaka hutolewa katika thamani ambayo yenyewe imekwisha kuwa ndogo. Gari lako limeshapita ule mteremko mkali. Ukichukua la 2018, utakuwa umerudi juu mlimani ili uanze kuteremka upya, na mara hii kwa fedha ya mkopo.

Hapa kwetu Kenya kuna jambo jingine linaloyashikilia magari ya zamani yasianguke sana. Sheria hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka, na kwa sababu hiyo Fielder za 2010 haziwezi tena kushushwa bandarini Mombasa. Zilizopo ni hizi tulizonazo. Zile changa zinazoingia nazo hubeba ushuru wa forodha, ambao mwaka 2023 ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, kisha ushuru wa bidhaa, na juu ya hayo yote hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipofika karibu shilingi 160, bei za yadi zilipanda, na wenye magari ya zamani wakaona wanunuzi wakibisha hodi. Shilingi ilipata nguvu baadaye, ikarudi karibu na 130 kwa dola, lakini funzo la soko limebaki: bei ya gari lako haitegemei umri wake peke yake, hutegemea pia kiasi ambacho anayetafuta gari angelipa ili apate lililo changa zaidi. Kwa hiyo usiharakishwe na yeyote anayekuambia kwamba mwakani halitakuwa na thamani.

Sasa tuitazame ofa ya yadi, na hapa naomba usome polepole, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapoumia. Bei wanayokutajia ya gari lako la zamani si kitu peke yake. Mwenye yadi anaweza kukupa bei nzuri ya gari lako huku amepandisha bei ya lile analokuuzia, nawe ukaondoka umefurahi. Wapigie simu, au bora zaidi mtume ndugu yako wa Mombasa, aulize gari lile lile la 2018 linauzwaje kwa mtu anayelipa fedha taslimu bila kuleta gari. Tuseme atajibiwa 1,600,000. Basi nyongeza yako ya 1,100,000 ina maana kwamba gari lako wamelihesabia shilingi 500,000, si 580,000. Na ikiwa hapa Malindi unaweza kumuuzia mtu kwa 700,000, ambayo nadhani si ndoto kwa gari lenye injini nzima lililokaa kwa mwenye mmoja tangu 2017, basi kubadilisha yadini kunakugharimu shilingi 200,000 kabla hujawasha ufunguo. Hiyo ndiyo bei ya kuepushwa usumbufu wa wanunuzi na madalali, na wengine huilipa kwa hiari; lakini ni haki yako kuijua.

Nimeichukua miaka 3 ya mkopo wako na kufanya makadirio. Gari lako likishuka kutoka 700,000 hadi 520,000, utapoteza 180,000. Ongeza matengenezo ya sasa ya 85,000 na mengine ya 60,000 kila mwaka, jumla 265,000, na bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, kwa kiwango cha asilimia 4 kwa mwaka, yapata 84,000 kwa miaka mitatu. Yote ni 529,000. La 2018 likishuka kutoka 1,600,000 hadi 1,150,000, utapoteza 450,000. Matengenezo ya miaka yote mitatu tuyaweke 75,000, na bima 180,000, kwa kuwa gari la thamani kubwa hulipiwa bima kubwa zaidi. Weka juu yake ile 200,000 iliyopotelea yadini na riba ya mkopo, ambayo kwa masharti uliyoyaeleza itakaribia 157,000. Jumla ni 1,062,000. Tofauti ya 533,000 ni sawa na karibu shilingi 14,800 kila mwezi kwa miezi 36, ingawa fedha utakazokuwa unatoa mfukoni kila mwezi kulipa chama zitakuwa takriban shilingi 26,600.

Huenda mumeo akasema gari jipya hunywa mafuta kidogo. Kwa safari zako nakisia unakwenda kilomita 12,000 kwa mwaka. Hata ukiokoa lita moja katika kila kilomita 100, utapata lita 120 kwa mwaka, na ukizihesabu kwa shilingi 200 kila moja ni 72,000 kwa miaka yote mitatu. Haizibi pengo. Vilevile, wasomaji wetu wengi wa pwani huepuka riba na hununua kwa murabaha, ambapo benki hulinunua gari kisha ikamuuzia mteja kwa bei yenye faida iliyotajwa wazi tangu mwanzo. Kwao hesabu ni ile ile: faida hiyo iandikwe mahali nilipoandika riba.

Makadirio yangu yanaweza kukosea, na wewe badilisha tarakimu uone. Jambo moja tu ndilo linaloweza kuugeuza ushauri wangu, nalo ni kutu. Malindi si Nairobi. Upepo wa kusi huleta chumvi hadi mlangoni, na gari linalovuka Sabaki kila siku, likakanyaga madimbwi ya masika na kulala nje, huliwa kutoka chini huku rangi ya juu ikiwa bado inang'aa. Kabla ya kutumia hizo 85,000, mwombe fundi alipandishe gari juu, aondoe matope na kugonga chasisi kwa nyundo ndogo, atazame mabomba ya breki na mahali shoki zinaposhikilia bodi. Shoki na bushi ni vitu vya kuchakaa na kubadilishwa, kama kalafati ya jahazi. Nahodha hatupi chombo kwa sababu kinavuja kwenye maungio ya mbao. Lakini mkuku, boriti ya chini inayobeba chombo chote, ukioza, hana la kutia kalafati. Chasisi ikitoboka, usilitengeneze: liuze mapema kwa mtu anayeijua hali yake, ukimweleza ukweli. Ikiwa ni nzima, lisafishwe chini kwa maji ya mfereji, si ya kisima, kwa sababu visima vyetu vingi vya karibu na bahari vina chumvi ile ile tunayoikimbia, kisha lipakwe dawa ya kuzuia kutu.

Kama hatimaye mtaamua kuuza, iwe kwa jirani au kwa yadi, usitoe ufunguo kabla uhamisho wa umiliki haujaanzishwa kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari. Sheria ya Barabarani humhesabu yule aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na gari lililohamishwa halipaswi kuwa barabarani zaidi ya siku 14 bila mwenye mpya kusajiliwa. Yadi hupenda kukaa na gari kwa jina la mwenye zamani hadi wapate mnunuzi. Ukikubali hilo, ajali au kosa lolote litakalotokea litaanza kwa kubisha mlango wako.

Na kwa mumeo: mwambie kwamba ukiweka shilingi 15,000 kila mwezi kando, kwa miaka 3 utakuwa na 540,000, pamoja na akiba yako ya 300,000 ambayo hukuigusa sana, na gari la kuuza. Wakati huo la 2018 nalo litakuwa limeshuka bei, nanyi mtaweza kulinunua bila mkopo au kwa mkopo mdogo. Hoja yake ya kuogopa hasara mtakuwa mmeitimiza kwa njia hiyo.

SWALI: Nafanya kazi Lamu mjini na gari langu huliacha gatini Mokowe, upande wa bara, kwa mlinzi. Hulitumia mara 20 hivi kwa mwaka. Linashuka bei huku limesimama tu. Niliuze?
Msomaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Ndugu yangu, wanunuzi hutazama mwaka wa gari na herufi za namba yake, zinazoonyesha lilisajiliwa nchini lini, kabla hawajatazama kilomita, kwa hiyo kulipumzisha hakukuokolei mengi, betri hufa, tairi hukauka na diski za breki hushika kutu papo hapo gatini. Ikiwa kwa mwaka linapoteza shilingi 60,000, bima ni 26,000, mlinzi 24,000, na betri na tairi kwa wastani 20,000, basi kila safari inakugharimu 6,500 kabla ya mafuta. Linganisha na nauli ya basi na gharama ya kukodi gari kwa siku ukifika unakokwenda. Ningeliuza, tena sasa linapowaka bila kusukumwa. Ila hukuniambia safari hizo ni za nini. Ikiwa ni za kumpeleka mgonjwa hospitalini usiku, bakia nalo, umlipe mlinzi kitu kidogo zaidi aliwashe na kulisogeza kila wiki.