Daftari la marehemu na mfuko wa saruji

Mhariri, swali lenu la wiki ni kwa nini filamu zilizotengenezwa upya na visa vya wanawake wahalifu vinatuteka. Wengi watawajibu kwamba ni ugeni wa kumwona mwanamke na bastola. Sikubali. Bastola haimkalishi mtu saa mbili kwenye benchi la kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea filamu, Igombe au Kirumba hapa Mwanza, hata wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa wamepumzika nchi kavu. Kinachomkalisha ni kazi: nani anafanya nini, kwa kifaa gani, na mambo yataharibikia wapi.

Chukueni Widows ya Steve McQueen, ya mwaka 2018. Chimbuko lake ni tamthilia ya Lynda La Plante iliyoonyeshwa Uingereza mwaka 1983. McQueen aliitoa London akaipeleka Chicago. Waume wanahesabiwa wamefia kwenye wizi, mjane anadaiwa dola milioni 2 zilizoibwa, na mkononi ana daftari la marehemu lenye mpango wa kuiba milioni 5.

Anawakusanya wanawake wenzake kuutekeleza. Sasa mtazameni Alice, mmoja wao, mjane pia, anavyotafuta silaha. Anakwenda kwenye maonyesho ya bunduki, lakini hanunui mwenyewe. Anamfuata mwanamke asiyemjua, anajitia lafudhi ya kigeni, anajifanya bibi harusi aliyeagizwa kutoka ng'ambo ambaye mumewe anampiga, kisha anaomba anunuliwe. Hafyatui risasi, hakimbizwi na mtu. Kila hatua ina sababu yake: amemfuata mwanamke kwa kuwa mwanamke mwenzake ataamini upesi, ametumia kipigo kwa kuwa kweli marehemu mumewe alikuwa akimpiga. Uongo wake umesimama juu ya jeraha halisi, ndiyo maana hautetereki. Yule aliyedharauliwa kuliko wote kundini ndiye anayerudi na mzigo.

Halafu kuna uzito, jambo ambalo waandishi wengi wa filamu za wizi hulisahau. Noti ya dola ina gramu 1 hivi. Milioni 5 kwa noti za 100 ni noti 50,000, sawa na kilo 50: mfuko mmoja wa saruji. Wanawake hao wanne wakigawana, kila mmoja anakimbia na kilo 12 na nusu. Zikiwa noti za 20, ni kilo 250, na hapo mpango umekufa.

Kuhusu kurudia, nilianza kuandika nikiamini ni uvivu. Lakini Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hushindana Bujora kila sikukuu ya Bulabo, na hakuna anayekwenda kuuliza ngoma inaishaje. Ukishajua mwisho, jicho linahamia kwenye mikono na miguu. Hata watafsiri wetu wa vibandani, wanapoingiza Kiswahili juu ya sauti za watu wa Chicago, wanatengeneza upya.

Kwa hiyo nimelegea, na hata lile nililolikataa mwanzo nalikubali nusu: ni kwa sababu ni mwanamke. Mpeni mwanaume ombi lile la Alice, halitamtoka. Na kanuni zetu za mila hapa Tanzania, zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, zinasema mjane hana fungu katika mirathi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Anayeishi na kanuni hiyo anamwelewa mjane aliyeachiwa deni na daftari. Ila filamu ya wanaume iliyobadilishwa majina na nguo tu, deni na dharau vikaachwa nje, siitetei.