Ndege wanajua Alhamisi?

Odhis mwanangu,

Ujumbe wako wa ile usiku nimeusoma mara tatu, "Mama, niache ualimu niingie hii kazi ya data ama nitulie?" Najua ulitaka neno moja tu, ndio ama hapana. Utangoja kidogo.

Kwanza hii data naielewa kuliko unavyodhani. Pasaka ulinieleza Python, hiyo lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ni bure, mtu anaitoa tu kwa intaneti, wala jina halihusu chatu, na kwamba kazi kubwa si kutabiri mambo ya kesho, ni kusafisha: huyu ameandika Kisumu, yule ameandika KSM, mwingine ameacha wazi, mwingine ana umri wa miaka 210. Nikacheka kwa sababu hiyo ni kusahihisha madaftari tu, tofauti ni kwamba data haiinuki kukusalimu ukiingia. Na najua ilikuanzia wapi, ni ile sensa ya 2019, ulipozunguka na tableti Agosti mpaka viatu vikaisha, halafu matokeo yakatoka milioni 47.6 ukaiimba hiyo namba hapa nyumbani kama uliwazaa wote wewe.

Sasa nikurudishe 2003. Elimu ya msingi ikawa bure, darasa langu la nne likafika watoto 94, wengine kwa sakafu, wewe deski ya tatu kando ya dirisha. Muhula wa pili nikaona kitu kwa rejista: kila Alhamisi watoto ishirini na kitu hawako. Jumatano wako, Ijumaa wako. Nikanunua karatasi ya manila na makapeni nyekundu, nikachora nguzo nguzo wiki baada ya wiki, maridadi kabisa, hata mwalimu mkuu akaipenda. Na sababu nilikuwa nayo tayari, si mtama ulikuwa unakomaa, si wazazi wanawabakisha watoto shambani kufukuza ndege. Nikaomba mkutano wa wazazi. Nikabandika manila yangu ukutani nikawasomea kama hakimu, nikawaambia serikali imewapa elimu ya bure na nyinyi mnaipatia ndege.

Yule dani, bibi mzee wa karibu na mto, Mungu amlaze pema, akainua mkono polepole. "Mwalimu, ndege wanajua Alhamisi?"

Kimya. Halafu kicheko, Odhis, kicheko ambacho mpaka leo nikishuka pale steji nakisikia. Yeye hakucheka. Akaendelea tu, Alhamisi ndiyo siku yako ya hesabu ya kichwa, na anayekosa tatu unampigisha magoti juani.

Na namba zangu zilikuwa sawa, hakuna hata moja niliyokosea! Rejista haidanganyi, nimekuambia hivyo tangu ukiwa mdogo, anayedanganya ni mwenye kalamu. Nilikuwa nimejichora mimi mwenyewe kwa rangi nyekundu nikajibandika ukutani.

Sasa nikisikia unataka kukaa ofisini Nairobi na namba za watu hujawahi kuwaona, mimi siulizi mshahara. Nauliza huko ni nani atainua mkono akuulize kama ndege wanajua Alhamisi. Hawa wa gredi ya saba wako watakuambia, hata kwa macho tu.

Lakini tena, mimi nilikuwa ndani ya darasa lenyewe, macho 188 yananiangalia, na sikuona kitu. Kwa hivyo hiyo hoja yangu haina miguu. Na labda mtu aliyewahi kusimama mbele ya watoto ndiye anafaa kushika namba za watu kuliko yule ametoka chuo moja kwa moja hajawahi kuchekwa. Unaona, nishaanza kukufungia virago. Rudi hapa. Barua ya TSC, hiyo tume inayoajiri walimu, tuliipigia magoti sisi wote, ulianza intani 2023 na 20,000 kabla hata ya makato, leo umeajiriwa kabisa na pensheni iko, na ule mkopo wa sacco unakatwa kwa pesilipu, mkopo haujali umechoka na chaki. Baba yako anasema nikuandikie usithubutu. Nimemwambia aandike barua yake.

Ukinibana sana nitasema... hapana, sisemi. Nimekaribia, lakini sisemi. Kozi ya jioni malizia kwanza, na hilo si jibu, ni umama tu. Halafu alama za wanafunzi wako si unazo zote kwa Excel, anza na hizo, na kila ukiona mstari umeshuka jiulize kama ni mtoto ameshuka ama ni wewe. Rejista haidanganyi.

Kuna kitu nimebeba miaka yote hii. Kicheko kilipita. Lakini wewe ulijua. Ulikuwa deski ya tatu, ulijua kwa nini wenzako hawaji Alhamisi, na asubuhi na jioni tulitembea pamoja ile njia yote ukibeba hiyo manila imekunjwa, hukusema neno.

Rejista ya 2003 bado iko kwa lile sanduku la bati chini ya kitanda, mchwa wamekula pembe tu. Ukija Disemba beba leptopu tuiingize. Na mimi pia nataka jibu langu, kwa nini ulinyamaza.

Mama